Mtaalamu wa Vumbi Mbele ya Jiwe la Majengo

Yaya Kavira, dada yangu,

Nakusalimu toka Goma nikiwa na jicho moja tu linaloona.

Leo, huku mtaa wa Majengo, nilimukuta mama mumoja akivunja mawe ya volkano afanye kokoto. Kwa kuwa kesho nitafundisha watoto wa shule somo la vumbi la nyota, nikajizoeza kwake bila kuombwa: kati ya nyota kuna gesi na vumbi, silisiamu, ile iliyo hata ndani ya mawe na mchanga, imefungwa ndani ya vumbi, na wimbi la mshtuko, kama lile la nyota iliyolipuka, likipita, vumbi linavunjika, silisiamu inatoka na kushikana na oksijeni.

“Papa, ulisomaka hiyo miaka ngapi?”

“Kumi na mbili, mama.”

Akanipa nyundo. Nilipiga kwa nguvu zote. Jiwe likabaki vilevile, vumbi likanijaa machoni. Kumbe wavunja mawe humwagia jiwe maji kwanza, vumbi lisiruke!

Alinipangusa kwa kitenge chake, akicheka. Nimemuomba kesho aje shuleni na nyundo yake. Amekubali kwa sharti moja: “Mimi njo nitapiga, weye utanyamaza.”

Nibusie watoto. Ila usimuambie papa yetu. Bado anawatangazia majirani kwamba mwanawe anajua mawe ya mbinguni.

Mdogo wako,
Paluku