Gauni la Fungate Kwenye Simu ya Kaka

Mshauri wetu, nakuandikia nikiwa sijui nicheke au nilie, na hapa nyumbani Māngere, Nyuzilandi, wote wameshachagua kucheka isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye anayeninyima usingizi.

Naolewa Jumamosi ya wiki ijayo na Heamasi, mwanamume mpole ambaye hata mbwa wa jirani hawajawahi kumbwekea, na kwa ajili ya fungate nikaagiza gauni la kulalia kwenye duka la mtandaoni, jekundu, la lesi, na sitalieleza zaidi maana gazeti lako husomwa na wachungaji. Sasa pale pa kujaza namba ya simu nikaweka ya kaka yangu Peni, kwa sababu kaka anafanya kazi usiku uwanja wa ndege na mchana yupo, na mizigo yote ya nyumba yetu, iwe dawa za bibi au matairi ya mjomba, hupokelewa kwa namba yake, ni mazoea tu, nikajua mleta mzigo atapiga, Peni atafungua mlango, boksi litakuwa limefungwa, yamekwisha. Chini kulikuwa na kisanduku kidogo ambacho tayari kina tiki, nikakiacha na tiki yake.

Kumbe duka lina mipango yake! Jumapili baada ya ibada tumejaa sebuleni, mchungaji yupo, bibi yupo, tunakula lu, nyama ya kopo iliyofungwa kwenye majani ya magimbi, nayo yameiva vizuri, Peni ameunganisha simu yake na televisheni atuonyeshe kwaya ya binamu zetu wa Nuku'alofa, kule visiwani Tonga, na katikati ya ubeti wa pili likajitokeza gauni langu, limejaa televisheni nzima, na maneno yenye jina langu: "Silia mrembo, umesahau chupi inayolingana nalo! Saizi yako ipo." Mshauri, wewe ni Mtonga mwenzangu, huhitaji kuambiwa kwamba sisi kaka na dada hatukai chumba kimoja watu wakibusiana, hata kwenye filamu. Mchungaji aliendelea kutafuna amefumba macho, sijui alikuwa anasali. Peni aliweka sahani chini polepole, akasema, "Samahani, mchungaji," akatoka kwa mlango wa jikoni, na hajaingia ndani tena. Analala kwenye gari lake uani.

Bibi akauliza, "Hilo pazia la nani?" Shangazi Kalolaine, dada yake baba, akajibu, "La Heamasi, mama," akacheka mpaka ikabidi ashikwe. Naye Heamasi habari zilimfikia kabla sahani hazijaoshwa, akanitumia ujumbe wa swali moja: "Kwa hiyo hiyo chupi utainunua au huinunui?"

Ningecheka na mimi, ila duka bado linatuma, kila asubuhi, kwenye simu ya Peni, na Peni hawezi kuniambia nilikomeshe kwa sababu itabidi alitaje hilo jambo, na mimi siwezi kumwomba msamaha kwa sababu hiyohiyo. Nimelipigia duka, binti akanijibu, "Dada, namba si yako, mwenyewe aombe." Mwenyewe ameifunga simu kwenye taulo! Na Peni ndiye mchoma nguruwe wa harusi, tangu utotoni aliniahidi, sasa amemwambia mama haji, maana kila atakayemtazama atakuwa anaiona ile televisheni. Sitaki kuolewa kaka yangu akiwa amejifungia garini. Nifanyeje? Na tafadhali ubadilishe majina.

Bibi harusi mwenye aibu

*

Bibi harusi,

Hongera. Sasa kaa chini nikugombeze.

Ile namba si ya nyumba, ni ya Peni. Uliigawa kama chumvi ya jirani, bila hodi. Na kile kisanduku hakikuwekwa pale kama pambo. Ukikiona tayari kina tiki, jua kuna mtu ameshakujibia. Kitoe tiki kwanza, uulize baadaye. Umesikia? Haya, machozi futa.

Duka lina kosa kubwa kuliko lako. Uliwapa namba ili mzigo ufike. Sheria ya faragha ya hapa Nyuzilandi inataka taarifa itumike kwa kazi iliyoombewa, na namba hiyo haikuombwa ili mtu auziwe chupi katikati ya wimbo wa kanisa. Ipo na sheria nyingine inayokataza kumrushia mtu matangazo ya biashara bila ridhaa yake, na kila tangazo lazima liwe na njia ya kulikataa. Peni hakununua kitu, hakukubali kitu, hata lile gauni amekataa kuliona.

Yule binti wa dukani amesema nusu ya kweli. Namba si yako, lakini jina, saizi na ununuzi ni vyako. Waandikie leo: wakuambie wana nini juu yako na wamempa nani, waondoe namba ya kaka, waweke yako. Sheria inawapa siku ishirini za kazi kukujibu. Harusi haiwezi kungoja hizo, kwa hiyo upande wa Peni tunamtuma shangazi. Mtu anaweza kumruhusu mwingine kwa maandishi amsemee, na sijamwona Mtonga anayemkatalia dada wa baba yake. Aende pale garini aseme, "Peni, nipe simu, weka sahihi hapa," asiongeze neno. Karatasi iseme tu kwamba anamruhusu kushughulikia namba yake ya simu. Bidhaa haihitaji kutajwa. Shangazi ayakatae matangazo hapohapo, alifungie duka lisitume tena, airudishe simu bila kucheka. Hilo la mwisho mkumbushe. Duka likirudia, malalamiko yapelekwe kwa Kamishna wa Faragha, ni bure.

Majina nimebadilisha yote. Shangazi yako alinipigia akitaka la kwake liachwe lilivyo ili wenzake wa kanisani wajue. Nimemkatalia, na ataninunia mpaka Krismasi.

Msamaha usiombe. Ukiomba utaitaja televisheni, na Peni atahama na gari lake. Badala yake mwite Heamasi ajitolee kuwachoma nguruwe yeye. Ajitolee kweli, uongo si mzuri wiki ya harusi, aende uani, arundike kuni zake mbichi karibu na dirisha la gari, aulize kwa sauti, "Mama, nguruwe huanza kuchomwa upande gani?"

Wala msigonge kioo. Mlango wa gari utafunguka wenyewe.