Usinitumie Munyu wa Kupikia Tena, Mayi

Pipeline, Embakasi

Mayi wangu,

Naanza kwa kuomba radhi kabla hata ya kukusalimu, maana najua umekaa hapo jikoni ukisema, "Huyu Nafula amenisahau." Sijakusahau. Karatasi hii niliinunua kitambo, ikakaa juu ya kabati mpaka Tabitha akaifikia, akatafuna pembe moja kama unavyoona. Kila nilipoishika nilikuwa na hasira, na sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Sasa nimeona hasira yenyewe haiishi, basi wacha niandike nayo hivyo hivyo.

Kwenye simu hatuwezani, Mayi. Nikisema neno moja wewe unasema matano, halafu unaniambia mtandao umepotea, na mimi nakusikia vizuri ukifukuza kuku. Karatasi haikatizwi. Vaa ile miwani uisome mwenyewe mpaka mwisho. Usimpe Naliaka. Nampenda mke wa kaka yangu, lakini akisoma huruka mistari.

Goti lako linaendeleaje na hii mvua? Papa amekubali kupimwa macho, au bado anasema anaona mpaka Uganda? Ile ng'ombe nyeusi imezaa? Mtaniambia.

Tabitha hajambo. Ana meno mawili ya chini na anayajua matumizi yake. Anasimama akishikilia mtungi wa maji, akianguka hatafuti mtu wa kumhurumia, anautazama mtungi kama ndio uliomsukuma. Mkaidi kama kukhu, yule bibi aliyemwachia jina. Wekesa bado anafanya kibarua kule kiwandani, siku nyingine anaitwa, siku nyingine anarudishwa langoni.

Sasa nikueleze ugonjwa wangu kuanzia mwanzo, kwa sababu wewe umeupata vipande vipande, na vile vipande ulivyokosa umejijazia mwenyewe.

Unajua tunakaa orofa ya tano. Kabla ya Tabitha nilikuwa nachota maji chini, napanda na mtungi, nafika juu nikiimba. Nilipojifungua, nikawa nafika orofa ya pili naketi kwenye ngazi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Vijana wanaokaa pale na simu zao wakawa wananicheka. "Mathe, niaje, leo lifti imekwama?" Na jengo letu halijawahi kuona lifti. Mama Brayo, jirani wa mlango wa mkono wa kulia, yeye alikuwa anasema kwa sauti nisikie: "Mama Tabitha amezeeka kabla mtoto hajaota jino!" Nilicheka nao, lakini mwilini nilijua. Nikilala chali nilikuwa kama mtu anayezama. Miguu ikavimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo.

Kliniki ya kwanza hapa mtaani ikasema malaria. Nikameza dawa ya malaria. Ya pili ikasema taifodi. Ya tatu ikasema damu imepungua, nikala maini mpaka nikayachukia. Nyingine tena ikanitundikia chupa ya maji ya mshipani, Mayi, na mimi maji ndiyo yaliyokuwa yananiua. Na kote huko, baada ya kila mmoja kusema lake, aliongeza: "Ni uchovu tu, mama. Ni mtoto wa kwanza." Hilo neno uchovu nimelichukia. Nani asiyechoka Pipeline? Kama uchovu ungekuwa unavimbisha miguu, jengo hili lote lingekuwa halivai viatu.

Siku ya chanjo ya Tabitha ndiyo nikapata watu. Kwenye kliniki ya watoto ya serikali kulikuwa na watafiti wameweka meza kando, wanawaita akina mama waliojifungua karibuni. Wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikachora mistari ya mapigo ya moyo, kompyuta ikaisoma hapo hapo. Nesi akaiangalia, akaacha kutabasamu. Akamwita daktari, msichana mdogo tu, jina lake Mwende. Akanipaka jeli baridi chini ya ziwa la kushoto, akaniwekea kitu kidogo kama kitana, kina waya umeingia kwenye simu. Nikauona moyo wangu, Mayi. Kwenye simu! Unafunguka na kujifunga kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini.

"Unaona hapa?" akaniambia. "Hiki chumba cha kushoto ndicho kinachosukuma damu. Kimetanuka. Kinapiga, lakini hakisukumi vya kutosha."

"Sielewi, daktari."

"Unafanya kazi gani?"

"Nafulia watu nguo kule mtaa wa Fedha."

"Basi ni kama kukamua blanketi kwa mkono mmoja. Unakamua, lakini maji yanabaki ndani."

Hapo nikaelewa.

Akasema ni ugonjwa unaowapata wanawake wengine karibu na kujifungua, misuli ya moyo inalegea. Hauletwi na mtu. Narudia, Mayi, simama kidogo kwenye huu mstari: hauletwi na mtu. Acha kumtazama mama mkwe wangu vile unavyomtazama kanisani.

Akasema pia kwamba zamani ili kuuona ilibidi uende hospitali kubwa, upange foleni ya ile mashine kubwa ya picha, na wengi walizikwa ikisemekana ni kifua. Ndiyo maana wanajaribu hii ndogo, pamoja na kompyuta ya kusoma mistari, waone kama inaweza kuwagundua akina mama pale pale wanapoleta watoto kupimwa uzito. Nilifurahi na kulia kwa pamoja. Kitu kinachotoshea mfukoni! Nimezunguka kliniki zote zile, na hakuna hata moja iliyokuwa nacho.

Basi wakaniingiza kwenye utafiti wao. Wakanipa vidonge: cha kutoa maji, cha kulegeza mishipa, na kimoja kidogo cheupe ambacho daktari alisema ndicho kinachousaidia moyo urudi umbo lake. Wakaniambia niache chumvi kabisa. Nikaiacha. Pakiti nzima nikampa Mama Brayo. Miguu ikapungua nikaanza kuona vifundo vyangu, nikapanda mpaka orofa ya tatu bila kuketi. Vijana wa ngazi wakapiga makofi.

Halafu wakanipima damu, na hapo ndipo taabu ilianza.

Walisema potasiamu imepanda. Hiyo ni kitu kilichomo kwenye chakula, kila mtu anacho, lakini ikizidi moyo unaweza kusimama bila kupiga hodi. Wakaniuliza kama nazidisha vidonge. Nikasema hapana. Wakauliza kama nameza dawa za mtu mwingine. Wakauliza ndizi, parachichi, machungwa, kana kwamba mimi nina bustani huku. Wakaniondolea kile kidonge cheupe, miguu ikavimba tena. Wakanirudishia, damu ikaharibika tena. Mwisho mkubwa wao mmoja, mwanamume wa miwani, akaniambia mbele ya wengine, "Mama, kuna kitu unatuficha. Tukishindwa kukuamini tutakutoa kwenye utafiti."

Mayi, umewahi kuitwa mwongo wakati hata hujui unadanganya nini? Nilirudi nyumbani nikamfokea Wekesa bure, maskini, alikuwa amembeba mtoto tu.

Ukweli ulitoka kwenye mkebe wa chakula. Siku ya kurudi kliniki foleni ilikuwa ndefu, nikakaa kwenye benchi nikafungua ugali wangu baridi na mrenda. Daktari Mwende akapita.

"Mrenda umelainika vizuri hivyo! Umeweka chumvi?"

"Hata punje, daktari. Niliacha. Nimeweka munyu tu."

"Munyu ni nini?"

Nesi mmoja mzee, mtu wa kwetu kwa jinsi alivyocheka, akasema, "Daktari, hawa ukiwanyang'anya munyu umewanyang'anya kabila!"

Nikamweleza. Unachoma maganda makavu ya maharagwe au ya ndizi, majivu unayatia kwenye kopo lenye matundu chini, unamwagia maji polepole, yale yanayodondoka mekundu kama chai ya rangi ndiyo munyu. Mboga haziivi bila huo. Nikamwambia chakula kilipokosa chumvi nilizidisha munyu kidogo ili kipate ladha. Nikamwambia na kile kijiko ulichoniambia ninywe asubuhi, cha kutoa upepo kifuani.

Daktari akakaa kando yangu kwenye benchi. "Na unakunywa?"

"Mama yangu aliniambia."

Akaita yule wa miwani. Wakaongea Kiingereza chao harakaharaka, kisha akanigeukia. Majivu ya mimea, akasema, yamejaa ile ile potasiamu. Na kile kidonge cheupe kazi yake nyingine ni kuizuia isitoke mwilini. Kwa hiyo mimi nilikuwa naimimina kwa juu huku wao wameziba chini. Katika maswali yao yote hakukuwa na swali la munyu. Walikuwa wanauliza chumvi, na mimi chumvi naijua ni ile ya duka. Nani kwetu anayeita munyu chumvi ya kuachwa?

Wao wakafurahi, Mayi. Wakaandika, wakasema hili ni jambo la kupimwa vizuri. Yule wa miwani hata akanishika mkono. Mimi nilikuwa nimekaa pale na miguu yangu imejaa, najiuliza kama samahani nayo ingekuja kwa kompyuta.

Jioni hiyo hiyo nikakupigia. Unakumbuka ulivyonijibu? "Munyu umewalea babu zako, hauwezi kukuua wewe. Hao madaktari wanakufanyia majaribio." Na juma lililofuata yule mtu wa mizigo ya basi akanipigia nishuke stendi, kuna kifurushi. Chupa kubwa kuliko zote, umeifunga na karatasi ya nailoni na uzi mweusi, fundo lako lile ambalo halifunguki bila meno.

Chupa hiyo nimeimwaga. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Niliimwaga kwenye sinki, na nikalia kama mtu anayemwaga maziwa, kwa sababu najua ulivyochuchumaa na hilo goti kuichuja. Sikulaumu. Ulinipa kile ulichojua kinanipa nguvu, na hata mimi sikujua. Lakini sasa tunajua, wewe na mimi. Tukijua halafu tukaendelea, hilo litakuwa letu.

Nimekaa bila munyu tangu siku hiyo. Mboga zinaliwa ngumu, Wekesa anatafuna kama mbuzi. Mwezi ujao watanipima damu na kunipiga picha ya moyo tena. Damu ikitulia nitarudishiwa kile kidonge. Ikiharibika tena hawatanirudishia, na Daktari Mwende hakunificha, bila hicho hajui moyo wangu utafika wapi. Kwa hiyo nakuomba usimtume mtu, usimpigie Wekesa kwa siri umwambie anitilie kidogo tu. Ameshaniambia ulimpigia. Mayi! Mkwe wako!

Sitakuja Desemba. Nataka nije nikitembea mwenyewe kutoka barabarani mpaka langoni na mwanangu mgongoni, si kuletwa.

Msalimie Papa, umwambie mjukuu wake anamngoja amwone kwa macho yaliyopimwa. Msalimie Naliaka, na kaka yangu akirudi kutoka shambani. Msalimie mwalimu wa kwaya, mwambie sauti ya tatu niliiacha kwa mkopo, asimpe mtu. Na mama mkwe wangu msalimie kwa mkono, si kwa kichwa.

Mwanao anayekupenda, na asiyebadilisha neno,
Nafula, mama Tabitha

Vitu ninavyohitaji, usiongeze chochote:

Majivu makavu ya maganda ya maharagwe, kikombe kimoja, kabla hayajamwagiwa maji. Daktari anataka kuyapima.

Majivu ya maganda ya ndizi kwenye karatasi yake peke yake. Usiyachanganye.

Munyu uliochujwa, kichupa kidogo kama cha dawa ya kikohozi, ukifunge kitambaa chekundu ili kisiingie jikoni. Huo ni wa mashine, si wa mboga.

Kunde na mrenda zilizokaushwa, ambazo hazijaguswa na munyu.

Ile leso ya kahawia uliyonibebea mimi. Tabitha ananishinda na hizi nyembamba.

Na kipakiti kitupu cha vidonge vyako vya presha. Daktari Mwende anataka kulisoma jina lake, kwa sababu niliposema mama yangu hutia munyu kila chungu, aliuliza kwanza kama na wewe unameza kitu kinachoziba kama kidonge changu cheupe. Kama mzigo ni mzito, acha vyote, utume hicho.