Jino la M'Itonga na Digrii ya Makena

Mama Makena,

Mimi mume wako nina miaka sabini na sita, au zaidi, kwa sababu waliotuzaa walihesabu rika, hawakuhesabu miaka. Nimeishi kuliko yule DC wa Kizungu aliyenichapa, kuliko Imajensi, kuliko njaa ya mahindi ya njano, kuliko ndugu zangu wote. Nimeishi kuliko wewe pia, na hilo sikuliomba. Mzee mwingine wa kusema hivyo na bado anapalilia kahawa yake mwenyewe, hapa Githongo hayuko. Naandika polepole, kwa mwandiko wa ngumbaru, ile shule ya watu wazima ulikonisukuma kwenda. Usicheke herufi.

Nikuambie ya Makena. Ulimwacha na sketi ya shule. Sasa yuko chuo kikuu Nairobi, mwaka wa tatu, anasomea digrii ya meno. Ya meno tu! Hata mimi nilishangaa kwamba mdomo una vitabu vya miaka mitano. Likizo ya Desemba alikuja na kisu kidogo, akawa anakaa pale ulipokuwa unachambua maharagwe, anachonga meno kwa kipande cha sabuni. Ati ni mazoezi ya mkono. Asubuhi moja nilinawa uso na gego.

Karo tuliitafuta kwa harambee, uwanja wa kanisa. Watu walitoa kuku, walitoa ndizi, wengine kahawa. M'Itonga, rika yangu, akatoa dume la ng'ombe. Haki ungeniona siku hiyo! Nilipoitwa kushukuru nilipanda juu ya kiti, nikasema, "Makena akirudi, hakuna jino la Githongo litateremka tena Nkubu hospitali!" Walipiga makofi mpaka lile dume likakata kamba. Najua ungesema nini. "Baba Makena, mdomo wako hutoka nyumbani kabla ya miguu."

Basi Desemba ikafika, na watu wakafika. Alfajiri, kabla sijakamua ng'ombe, wako langoni, mmoja ameshika shavu, mwingine amefunga kichwa na leso. "Tumekuja kwa daktari wetu." Makena akatoka akawasalimia vizuri, akawaambia hapana. Akaniita kando ya ghala.

"Baba, mimi bado. Mwalimu asiposimama kando yangu, siruhusiwi kumng'oa mtu hata jino la utoto. Nikionekana, nafukuzwa."

Nikamwambia, "Mwalimu ako Nairobi. Jino liko hapa."

Aliniangalia vile ulikuwa unaniangalia.

Ningefanya nini? Kuwaambia watu kwamba nilisema jambo ambalo silo? Mimi? Nikawaambia daktari amechoka, daktari anapumzika, rudini wiki ijayo. Wakarudi. Mama, nilifungwa katika boma langu mwenyewe. Kwenda kiwanda cha kahawa nilikuwa napenya kwa migomba ya nyuma kama mwizi. Kanisani sikuenda. Na jambo ambalo sikumwambia mtu: hata mimi nilikuwa na jino. Gego la chini, mkono wa kushoto, lilikuwa linanipiga nyundo mpaka kwa sikio. Nilitafuna upande mmoja na kumwambia Makena sina njaa. Nkubu singeenda. Wangesema nini, baba ya daktari akionekana kwenye benchi na wagonjwa wengine? Kwa Makena singefungua mdomo, kwa maana hangeweza kuning'oa, halafu angejua kwamba nilijua hivyo. Nilikuwa mahali ambapo hakuna mlango.

Siku moja mchana M'Itonga akaletwa na mwanawe, amemshika mkono. Uso ulikuwa umefura kama boga. Hakusalimu. Akasema kwa meno yaliyofungana, "Rika, nilitoa dume kwa huo mkono wa mtoto. Leo nataka mkono ufanye kazi."

Wewe unajua sheria yetu. Mtoto wangu ni mtoto wa kila mtu wa rika yangu, na mtu wa rika hanyimwi. Nikamwita Makena nikamwambia, "Mtoe huyu jino."

Makena akachukua tochi, akamshika kidevu, akaangalia. Akamgusa chini ya taya, mpaka shingoni. Nikaona mkono wake umebadilika, umekuwa mwepesi sana. Akazima tochi.

"Baba M'Itonga ana usaha unaoshuka kooni. Ni hospitali, na ni sasa." Halafu akanigeukia mimi. "Nikimng'oa jino hapa, utamzika yeye na digrii yangu siku moja."

Nakwambia nilinyamaza. Wewe uliishi na mimi ukiombea siku hiyo, na ikaja ukiwa haupo.

Lakini M'Itonga ni mkaidi, karibu kunifikia mimi. Akaketi kwa mawe. "Siendi. Nitoke hapa nikachekwe Nkubu, ati nilitoa dume nikachinjiwa maneno? Kama Nkubu ni kuzuri, M'Arimi, mbona wewe huendi? Si nakuona unatafuna kama mbuzi mwenye upande mmoja! Fungua mdomo huo mtoto wako aone."

Makena akaja na tochi. Nilifikiria kukataa. Ningekataa vizuri sana, unajua hakuna anayenishinda kukataa. Lakini yule mtu alikuwa anameza mate kwa shida, na macho yake hayakuwa ya kubishana tena. Nikafungua mdomo wangu mbele ya binti yangu.

Akasema polepole, "Woi, baba." Tu.

Nikamwambia M'Itonga, "Inuka. Twende Nkubu, nitang'olewa na mimi, watu wakiona."

Ikawa hivyo. Nkubu benchi lilikuwa limejaa watu wa kwetu, wale wale wa langoni. M'Itonga alipitishwa haraka ndani, wakamlaza, akakaa huko hadi uvimbe ukashuka. Kabla sijaingia kwa sindano nilisimama nikawaambia, "Makena ni mwanafunzi. Daktari bado. Mimi ndiye nilisema, si yeye." Mama mmoja akasema, "Sasa hata mdomo uking'olewa si hasara." Walicheka mpaka muuguzi akatoka. Makena alikuwa amenishika bega.

M'Itonga anaishi. Makena alirudi chuoni, hakuna aliyemgusa. Lakini usifikiri nimefunguliwa. Imebaki miaka miwili, na wananiita Baba Bado. Nikipita kiwandani, wanashika shavu. Siwezi kuhama, shamba liko hapa na wewe uko hapa, chini ya mparachichi. Nabaki nasikia.

Basi lala salama, mama ya watoto wangu. Nakuahidi kila likizo nitasimama langoni mimi mwenyewe na kusema hilo neno bado, mpaka siku mtoto atakaponiambia ninyamaze. Na siku hiyo nitakuwa hai, hata ikibidi kwa ukaidi.

Kama huamini kwamba niling'olewa mlango ukiwa wazi na sikulia, muulize dada yako Nkirote. Alikuwa kwenye benchi na kikapu chake, aliona yote. Tulimzika baada ya Pasaka, kwa hivyo mko pamoja. Atakwambia nililia kidogo. Hapo usimwamini.

Mume wako,
M'Arimi