Hirizi ya Kibwana

Jumatano, 7 Machi 1956

Nimefua winda za mtoto. Uji umeungua kidogo, Elia kaunywa hivyohivyo akaenda zake korona, kule wanakokamua mkonge. Harufu ya mkonge haitoki nguoni hata nifue vipi. Kibwana kalala. Jino linamsumbua, mate yanamchuruzika mpaka tumboni.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kufagia kanisa. Sikuitwa. Tangu Jumapili nimefungiwa. Siingii kanisani, sipokei Sakramenti, na Kibwana habatizwi Pasaka na watoto wenzake mpaka mimi nitubu.

Naandika ili nisipige kelele. Chumba cha kambi ni kimoja na ukuta ni mwembamba. Jirani akipiga chafya namwambia afya.

Alhamisi, 8 Machi

Niandike kisa chenyewe, maana watu wanakisema kila mtu kwa namna yake.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Kibwana alishikwa na degedege. Jumapili asubuhi. Zahanati ya shamba imefungwa, Elia yuko kanisani, yeye ndiye mpiga kengele. Nilitoka nje na mtoto mikononi napiga yowe. Wa kwanza kufika alikuwa Bi Mwanatumu. Ni Mwislamu, anakaa ng'ambo ya reli, ndiye mkunga aliyenizalisha na ndiye aliyempa mtoto hilo jina la Kibwana. Alimvua nguo, akampangusa maji, akamsomea, akamfunga hirizi shingoni kwa uzi mweusi. Alishinda nasi mpaka jua likatua. Mtoto akapona. Hirizi sikuitoa. Sikuona sababu.

Aliyeiona ni Mama Debora, mkubwa wa wanawake wa kanisa. Tulikuwa tunachambua mchele wa Padre. Akaifunua shingo ya mtoto, akarudi nyuma kama kaona nyoka.

Padre kasema Jumamosi Kuu asubuhi nisimame mbele ya watu, niseme nimekosa, niitupe hirizi motoni. Hapo nitafunguliwa. Padre ni mtu mwema. Anatibu vidonda kwa mikono yake mwenyewe. Ila ni Mzungu, anadhani hirizi ni mizizi na kucha za wafu. Mimi najua kilichomo. Mna aya za Kurani, kaziandika marehemu mume wa Bi Mwanatumu kwa mkono wake.

Nichome dua ya mwenzangu mbele za watu? Siwezi. Nimnyime mwanangu ubatizo? Siwezi.

Jumapili, 11 Machi

Nimesali nje, chini ya dirisha. Jua la Machi halina huruma. Nilisikia wimbo wote nikaimba kimyakimya. Mtoto wa Mama Roza alichungulia dirishani akaniuliza, "Mama Kibwana, umefanya nini?" Mama yake akamvuta.

Kengele hakupiga Elia. Wamemwambia apumzike mpaka nyumba yake inyooke. Njiani alinitangulia. Tulipofika nyumbani akasema, "Uzi tu. Uchome tuishi." Nikamwambia si uzi. Akasema, "Basi ni nini hata kitutenge mimi na wewe na watu?" Tumekula bila kutazamana.

Nina hasira naye. Namwonea huruma pia. Aliipenda ile kengele.

Jumatano, 14 Machi

Namkwepa Bi Mwanatumu. Nachota maji ya bomba la kambi, ya chumvi, kuliko kwenda kisimani kwake. Leo kapita kwenye njia ya reli na kapu lake kichwani, akapaza sauti kambi nzima ikasikia:

"We Agnes! Umeolewa na nani mpya hata hukumbuki wakweo?"

Nilijificha nyuma ya mlango. Mimi, mtu mzima na mtoto mgongoni, najificha nyuma ya mlango. Kibwana akamjibu yeye, "Ba! Ba!"

Nimelia. Basi.

Jumatatu, 19 Machi

Homa. Kibwana anawaka tangu jana. Zahanati wamempa kwinini, ameitapika nusu. Nimeshinda naye kifuani.

Mtoto asiyebatizwa hazikwi ndani ya ua wa makaburi ya kanisa. Lipo kaburi moja kule nje, dogo, karibu na mikonge, halina msalaba. Huwa naliona nikienda kuni. Leo nimeliona nikiwa nimefumba macho.

Nilifikiri nimchukue niende kwa baba yangu, juu kule milimani, njia ya Amani, kuna baridi, kuna migomba. Lakini baba ni mzee wa kanisa. Ataniuliza mbona nimekuja. Huku siwezi kukaa, kule siwezi kwenda. Nafanana na kuku aliyefungwa mguu, anazunguka kigingi.

Mungu, mtoto hajakosa kitu.

Jumanne, 20 Machi

Kalala bila kuwaka. Kanyonya. Kaniuma. Asante.

Jumatano, 21 Machi

Nimekwenda mwenyewe ng'ambo ya reli. Nimechoka kujificha. Bi Mwanatumu alikuwa anasuka ukili uani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamweleza yote nimepiga magoti.

Aliposikia neno kuchoma akainuka, ukili ukaanguka.

"Wachome! Wachome nini? Wanajua kilichomo humo? Mkono wa mume wangu umo humo!"

Kisha akakaa. Akamtazama Kibwana. Akamwita, akamweka mapajani, akaifungua hirizi kwa vidole vyake, akaitia kwenye kishubaka chenye msahafu.

"Changu nimekitwaa," kasema. "Mtoto sikumfunga kamba ya mbuzi."

Nikamwambia watataka niichome, nisipokuwa nayo watasema nimeificha. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheusi na sindano. Akashona nyingine palepale, sawasawa na ile ya kwanza, ndani akatia pamba ya mto.

"Haya. Kawachomee mto wangu."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikumbuki nilicheka lini mara ya mwisho. Mlango umepatikana. Hakuna atakayeumia.

Jumapili ya Matawi, 25 Machi

Nje tena, chini ya dirisha. Ile ya pamba nimeifunga kwenye pindo la kanga. Kila nikiigusa naona nafuu, halafu naona aibu.

Elia nimemwambia nitachoma. Kafurahi. Kanunua samaki. Sikumwambia ni ipi.

Jumatatu, 26 Machi

Wiki hii wanawake wanasiriba sakafu ya kanisa, kama kila mwaka kabla ya Pasaka. Udongo mwekundu na kinyesi cha ng'ombe na maji, wanapiga magoti wanapaka kwa viganja kuanzia altareni wakirudi nyuma hadi mlangoni. Hakuna aliyeniita. Nimekwenda. Mama Debora kaniambia, "Wewe huvuki kizingiti." Nikasema najua, nitaleta maji.

Maji ya bomba hayafai, chumvi inapasua sakafu ikikauka. Yanayofaa ni ya kisima cha Bi Mwanatumu. Miaka yote yametoka kwake na hajawahi kukataa. Nimekwenda na kurudi, ndoo kichwani, Kibwana mgongoni. Natua kizingitini, mkono wa ndani unaipokea. Mikono tu. Wengine hawakuniangalia usoni. Mama Roza alinifinya kidole kidogo.

Shingo inaniuma. Lakini leo nilikuwa mtu.

Jumatano, 28 Machi

Sakafu imefika mlangoni. Mama Debora ndiye anayemalizia kizingiti kila mwaka, hakubali mwingine. Magoti yake yamevimba, nilimsikia akiguna. Mimi nje, yeye ndani, katikati beseni la udongo. Alipotaka kuinuka hakuweza. Nikampa mkono bila kuvuka. Akaushika.

Akamtazama Kibwana. Kauliza, "Homa imeshuka?" Nikasema imeshuka. Akasema, "Wangu wa kwanza haikushuka." Nilimjua ana mtoto mmoja tu, Debora. Akafuta mikono, akaniambia nimwage maji machafu mbali, nisimwage mlangoni kama mtu asiyefunzwa.

Narudi nyumbani na ile pamba kwenye pindo. Imekuwa nzito kama jiwe la kusagia.

Ijumaa Kuu, 30 Machi

Hakuna moto jikoni mpaka jioni. Hakuna kengele. Sijala, sijaweza kusali. Nikisema nimekosa halafu nachoma mto, nimetubu nini? Kibwana ataingizwa kanisani kwa uongo wangu. Nisipochoma haingii kabisa.

Naogopa.

Jumamosi Kuu, 31 Machi

Niandike upesi.

Moto waliwasha nje, mbele ya mlango, kwenye kigae. Watu wakasimama duara. Padre kavaa zambarau. Elia nyuma, kanyoa ndevu. Kibwana nilimshika mwenyewe. Ng'ambo ya njia niliiona kanga ya Bi Mwanatumu. Hakusogea karibu, alisimama tu.

Padre akauliza kama nimekosa. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nitaitupa. Nikalifungua pindo la kanga, nikaitoa. Watu wakaguna. Mkono ulikuwa juu ya moto kabisa, niliona vinyweleo vinanyauka.

Nikaichana mshono kwa meno. Pamba ikatoka. Mtu mmoja akacheka, sijui nani.

Nikasema, "Padre, hii ni tupu. Nilitaka kukudanganya. Hilo ndilo kosa langu, naomba msamaha kwako na kwa watu wote. Ile yenyewe haikuwa na uchawi. Ina maneno ya Kurani, kayaandika mume wa mtu, naye amekwisha kufa. Nimeirudisha kwa mwenyewe. Mtoto hataivaa tena. Kuichoma sikuweza, na hata leo siwezi."

Elia akainamisha kichwa. Niliona nimeua kila kitu.

Padre akamuuliza mzee aliyekuwa karibu naye kwa sauti ndogo kama ni kweli, mna Kurani. Mzee akasema ndiyo, kila mtu anajua. Padre akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema, "Kila mtu anajua, na mimi hamkuniambia."

Akasema mimi nitabaki nje mpaka Pentekoste, kwa ajili ya ile pamba na kwa ukaidi. Nikasema sawa. Akasema mtoto anaweza kubatizwa kesho, lakini mama aliyefungiwa hawezi kumsimamia. Kama yupo mwanamke wa kanisa atakayemchukua awe mama yake wa ubatizo, na ajibu kwa ajili yake mbele ya Mungu, asogee.

Hakuna aliyesogea. Nilimtazama Mama Roza. Akatazama mumewe. Nikahesabu pumzi za Kibwana nisianguke.

"Nipe huyo mtoto," kasema Mama Debora.

Kaja anachechemea. Kamchukua, kamweka begani. Kaniambia kwa sauti ya wote kusikia, "Usidhani nimeupenda ujeuri wako. Huyu nitamfunza, na wewe nitakufunza."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Kibwana akamvuta hereni. Watu wakacheka, na mimi nikalia papo hapo bila aibu. Nilipogeuka, ng'ambo ya njia hapakuwa na mtu.

Jumapili ya Pasaka, 1 Aprili

Mvua imenyesha alfajiri. Kengele kapiga Elia, wamemrudishia, kaipiga kwa nguvu hata ng'ombe wa msimamizi wa shamba wakakimbia.

Mimi nilikuwa chini ya dirisha, matone ya paa yananidondokea. Sikumwona mwanangu. Niliona migongo ya watu. Nilisikia Mama Debora anajibu maswali, "Nakataa. Naamini. Nataka," sauti kavu kama anagombana na shetani sokoni. Nikawa najibu naye kwa chini. Nikasikia maji. Nikasikia "Luka," halafu kilio, na kilio hicho nakijua kati ya watoto wote wa kambi.

Uchungu uliniingia kweli. Nimezaa mimi, wameshika wengine. Na furaha pia. Vyote viwili vilikaa mahali pamoja, havikugombana.

Walipotoka, Mama Debora alinitafuta nilipo, akanirudishia mtoto mikononi. Kanzu nyeupe ya mtoto kaishona yeye mwenyewe. Kaniambia tu nimfunike, kuna upepo.

Jioni nilimpeleka ng'ambo ya reli na sahani ya wali. Bi Mwanatumu akakiona kichwa kinang'aa mafuta ya ubatizo. "Nimwiteje sasa?" kasema. Nikamwambia Luka. Akajaribu, "Luka, Luka." Akatikisa kichwa. "Kanisani Luka. Hapa kwangu Kibwana. Njoo, Kibwana."

Akaenda.

Jumatatu ya Pasaka, 2 Aprili

Elia hana kazi leo. Kalala chali mkekani, mtoto juu ya tumbo lake. Nje kunanyesha, taratibu. Pentekoste bado mbali.

Nimemwogesha mtoto miguu, mikono, tumbo. Kichwa nimekiacha. Mafuta ya Padre bado yapo utosini, yananukia. Elia kauliza mbona simalizii. Nikamwambia kesho.

Akainama akanusa na yeye.