Katibu Ameota Manyoya

Skola mwanangu,

Mwandiko huu ni wangu. Kila herufi nimeichonga mwenyewe, daftari likiwa juu ya ungo, na asiyeamini aje Mollo aniangalie ninavyoandika. Barua zile za mwanzo aliniandikia Mama Deus, na ndani yake mna uongo ambao nimeona aibu kuurekebisha kwa mkono wa jirani. Nilimwambia aandike kwamba Katibu hajambo. Hajambo wapi! Kasuku wako alikuwa anajinyonyoa.

Unakumbuka baba yako alivyomleta kutoka Kirando, kwa wavuvi waliomvusha ziwa, wewe ukiwa darasa la kwanza? Wiki hiyo wajumbe walikaa mkutano uani kwetu, na walipoondoka ndege akabaki anapiga kelele, "Wananchi, tulieni!" Baba yako akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Huyu ni katibu." Basi likawa jina.

Ulikuwa ukirudi shule saa kumi unaita toka njiani, "Mama, nimerudi!" Unatupa mfuko, unampa Katibu gunzi la mahindi alitafune, unakaa chini ya tundu lake na kusoma kwa sauti. Ba, be, bi. Naye anafuata. Mimi napepeta ulezi na kujisemea moyoni kwamba nyumba yangu ina wasomi wawili.

Na kweli. Msichana aliyechaguliwa sekondari hapa kijijini ni wewe peke yako. Nililisema kisimani, nikalisema kanisani, nikalisema kwenye foleni ya sukari, mpaka Mama Deus akaniambia, "Mama Skola, tumesikia. Hata ng'ombe wamesikia."

Alfajiri ya safari ulitaka kumuaga Katibu. Nikakukataza. Nilisema atapiga kelele, utalia, utafika bweni macho yamevimba wakuone mshamba. Nikafunika tundu kwa kaniki yangu. Uliondoka ndege hajui.

Wiki hiyo hiyo akaanza. Kwanza kifua, halafu mapaja, halafu chini ya mabawa. Nilikuwa nafagia manyoya kila asubuhi. Kilichobaki kizima ni kichwa, maana mdomo haukifikii. Ungemwona, mwanangu, ungedhani ni kuku aliyetolewa kwenye maji ya moto akakimbia.

Mimi nikafanya tunavyowafanyia kuku wenye utitiri: nikamwogesha maji ya tumbaku, nikampaka majivu. Akatetemeka siku mbili, halali, chakula hali. Ngozi ikatoa damu. Baba yako akasema, "Mama Skola, mchinje apumzike." Nikamjibu, "Mchinje wewe, halafu wewe ndiye umwandikie mtoto."

Nikambeba kwenye kapu mpaka mjini kwa bwana mifugo, yule kijana wa Mbeya mwenye upole. Akamgeuza taratibu, akasema, "Shikamoo mama, nisamehe, sioni mdudu hapa. Hayo maji ya tumbaku usirudie tena. Anajinyonyoa saa ngapi?"

"Kwani ndege ana saa?"

"Nenda kamwangalie, mama."

Nikaenda nikamwangalia. Asubuhi anakula, mchana anasinzia. Ilipofika saa kumi akasogea ukingoni mwa kijiti, akatazama njia, akaita kwa sauti yako kabisa, "Mama, nimerudi!" Akangoja. Akaita tena. Hakuna aliyeingia. Ndipo akainamisha shingo na kuanza kung'oa. Skola, niliweka ungo chini.

Kesho yake saa kumi nikavuta kigoda, nikampa gunzi, nikashika kitabu chako cha zamani. Sasa nisome nini? Nilitaja picha: ng'ombe, nyumba, jembe. Picha zikaisha, naye akarudi kwenye kifua chake. Hapo ndipo nilipojiandikisha kisomo cha watu wazima.

Mama Deus, ambaye kusoma anajua, alipita dirishani akanicheka mbele ya darasa zima. "Unasoma kwa ajili ya ndege?"

"Ndiyo. Wangapi hapa wanasoma wakiwa na mtu wa kuwasikiliza nyumbani?"

Mwanzoni Katibu alinishinda. Nakwama kwenye "nya", yeye anamalizia, "nye, nyi, nyo!" kama mwalimu mkali. Lakini nikampita. Sasa nasoma ukurasa mzima, na mwalimu anasema kati ya akina mama wote sauti yangu ndiyo inayosikika mpaka barabarani. Na Katibu ananisikiliza huku akichambua gunzi mpaka linakuwa vumbi, kifua chake hana habari nacho.

Mvua za kwanza ziliponyesha nikaona vijiti vidogo vimechomoza kifuani, kama shamba la ulezi lililokwisha vunwa. Leo vimefunguka, rangi ya kijivu safi. Chini ya bawa la kushoto pamebaki upara wa upana wa kidole gumba. Bwana mifugo anasema huenda pasiote tena. Ukipaona, usimwulize baba yako. Hapo ni tumbaku yangu.

Likizo inakaribia na nina hofu moja. Utakuja, atafurahi, halafu utaondoka tena. Basi safari hii hatufuniki tundu. Chuchumaa mbele yake, upige makofi ya heshima kama unavyowaaga wakubwa, umwambie unakwenda na utarudi. Akipiga kelele, apige. Ukilia, lia.

Na kuna jambo jingine. Alfajiri ile ya safari yako nilikimbilia jikoni nikasema moshi unaniumiza macho. Moto ulikuwa bado haujawashwa, mwanangu. Nilikunyima kumuaga ndege kwa sababu mimi mwenyewe sikuweza kukuaga. Safari hii nitakuja mpaka lori linapopakia, na wewe unipigie makofi yangu mbele ya watu wote.

Saa kumi inakaribia. Ananiita kusoma.

Mimi mama yako, niliyeandika mwenyewe