Bendi ya Mzee Pazi kwenye Meza ya Kucha

Jumatatu, 14 Julai
Wateja wawili asubuhi, basi. Mlandizi leo vumbi tupu. Dada Rehema kaja, lakini hakukaa kwenye kiti. Katoa boksi la baba yake, Mzee Pazi wa Tumbi. Ndani vipande vya chuma: vichwa, mikono, miguu, vitarumbeta. Ukiviunga unapata vinyago vya watu sita wa bendi, kila mmoja kama kidole. Mzee alivinunua ng'ambo enzi zile anapiga ngoma, hakuwahi kuviunga. Sasa mikono inamtetemeka.
"Wewe si unachora maua kwenye kucha ya kidole cha mwisho? Hivi vitakushinda nini?"
Nimesema viache. Sijui hata vinaanzwaje!
Jumapili mzee anavipeleka Maneromango kwa rafiki yake mpiga tarumbeta. Bendi yao ilikuwa ya watu sita kweli. Wamebaki hao wawili.

Jumanne, 15 Julai
Video tatu, bando likakata. Inatosha. Kwanza kuosha, maana chuma kinatoka na mafuta kwenye kalibu kilimomiminwa, rangi itabanduka. Hiyo naijua, kucha yenye mafuta ni hivyohivyo. Sabuni, mswaki wa zamani, nikaanika kwenye taulo. Halafu kusugua ule mshono mwembamba pale kalibu mbili zilipokutana. Chuma chenyewe laini, tupa zangu za kucha zinaweza!
Nikaweka mkono wa mpiga tarumbeta chini ya lenzi.
Jamani. Ana kucha.
Kila kidole na kucha yake, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Nimeinuka, nimezunguka kibanda, nimerudi kuangalia tena. Kuna mtu alikaa akachonga kucha ambazo karibu hakuna atakayeziona. Na mimi miaka miwili hii nilikuwa najiona fundi.

Alhamisi, 17 Julai
Nimeharibu.
Vipande vinakuja na vijiti vijiti, mabaki ya chuma kilipopita kwenye kalibu. Nikavikata vyote, chapchap, muziki juu. Nimekata na vijiti vya ngoma. Vyote viwili. Pipa lilishamwagwa. Nimepekua jalala mpaka kucha zangu mwenyewe zimekatika. Hakuna.
Na mpiga ngoma ndiye Mzee Pazi.
Mkono mjinga huu. Umezoea kulainisha, kila kinachochomoza unakiona uchafu.

Ijumaa, 18 Julai
Sijamwambia mtu.
Nimeunga wale watano. Gundi peke yake haitoshi, barabara ya Maneromango itawarudisha vipande kabla hawajafika. Kwa hiyo nimetoboa bega na mkono kwa mashine ya kucha, kwa ncha nyembamba kuliko zote, nikachomeka waya wa kibanio cha karatasi, gundi, nikashikilia nikihesabu mpaka sitini. Nikatingisha. Hatoki! Nimepiga kelele, mteja kashtuka, rangi ikaishia kiganjani.
Vijiti vipya nimekata kwenye pini za mtandio. Safi kabisa. Ila vinashikwaje? Nimeviweka na kuvitoa mara tano. Sijawahi kushika ngoma maishani. Anayejua ni mmoja.
Naogopa.

Jumamosi, 19 Julai
Tumbi, na vifaa vyangu vyote. Shikamoo babu, marahaba, nikasema yote kabla sijakaa. Nimekukata vijiti, babu.
Kavuta kiti mezani.
Kisha kaomba njiti mbili za kiberiti. Mkono wa kulia kashika kama mtu ashikavyo nyundo. Wa kushoto kaugeuza, kiganja juu, njiti imelala kwenye pengo kati ya kidole gumba na cha shahada. Akapiga mezani. Mikono inatetemeka vilevile, lakini ngoma ile! Nywele zimenisimama. Dada Rehema katoka jikoni na mwiko, kasimama mlangoni.
"Aliyekichonga kashikisha mikono yote kama mtu anatwanga kisamvu," mzee kasema. "Kila nikifungua boksi nakereka, nafunga. Umekata kibovu, mjukuu wangu. Sasa weka sawa."
Nikakata kifundo cha mkono wa kushoto, nikakigeuza, waya ndani, kisha vile vijiti vya pini mikononi. Yeye kanishikia lenzi. Lenzi inacheza, nikawa nasubiri itulie, natoboa kidogo, nasubiri tena.
Alasiri uani, praima, ile rangi ya msingi ya kijivu, kopo la mafundi gari. Nikapuliza tabaka jembamba, kutoka mbali.

Jumapili, 20 Julai
Mzee na bendi yake wameondoka asubuhi. Wote sita kijivu, rangi bado. Mzee anasema sare ilikuwa na mistari, hakumbuki rangi gani, mwenzake atakumbuka. Wakishakubaliana, boksi linarudi kwangu.
Kawafunga kwa pamba, mmoja mmoja, kaweka boksi mapajani. Wa ngoma kamfunga wa mwisho.
Kabla hajafunika nilimwomba yule wa tarumbeta, nikamtazama kwenye lenzi mara moja. Nilikuwa nahofia praima imezifukia.
Kucha zipo. Zote kumi.