Dalali alibaki barazani

Jumatano. Mawingu tangu alfajiri, na mvua yenyewe haijanyesha. Mtaa mzima wa Madungu, hapa Chake, umeanika karafuu kwa wasiwasi, kila mtu jicho moja liko juu. Naandika haraka, kwa hivyo nikikosea herufi mnisamehe.

Leo nimembishia mtu mzima. Kwa sauti. Mbele ya watu.

Anayenijua skuli hataamini. Mimi ndiye yule wa kidato cha tatu anayejua jibu na hanyooshi mkono. Mwalimu akiniuliza najibu taratibu, mpaka mwenzangu wa dawati la mbele alirudie jibu langu ndipo darasa lisikie. Nikienda dukani nikapewa sabuni nisiyoitaka, narudi nayo nyumbani hivyo hivyo.

Basi niandike ilivyokuwa.

Babu alifariki miezi miwili iliyopita. Bibi yumo edani, katika nyumba hii waliyoijenga wawili, na atakaa mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Hatoki, wala hakai na wanaume wasio maharimu wake, yaani wale wanaoweza kumwoa. Mimi nakaa naye. Baba anafanya kazi Mkoani na huja mwisho wa wiki. Ami Suleiman, kaka yake Baba, yuko Unguja, na wiki iliyopita alipiga simu akasema atakuja dalali "kuangalia angalia tu". Bibi hakuulizwa. Baba aliposikia alisema, "Tutazungumza," na mimi namjua Baba. Akisema hivyo, ndiyo basi, hatutazungumza. Ukimya wake nimeurithi mimi.

Nilichofanya ni kusoma. Nilifungua sanduku la Babu nikasoma karatasi ya kiwanja, yenye jina lake peke yake. Nikachukua kitabu cha mirathi tulichosomea chuoni, kwenye madrasa, nikarudia mlango wa mke: mume akiacha watoto, mke ana thumni, sehemu moja ya nane. Ni ndogo. Lakini ni yake, na hakuna wa kuiuza ila yeye. Nikafunga kitabu, nikarudi kwenye hesabu zangu, nikidhani nimeshafanya wajibu wangu.

Leo saa tisa, ndio kwanza nimevua sare, hodi ikapigwa. Dalali. Kanzu imenyooka kwa pasi, simu mbili mkononi. Nyuma yake mume na mke, bado vijana, wamekuja na Vespa. Mume ni mwalimu. Mke, Bi Salma, ameukumbatia mkoba wake kama aliyebeba mayai. Nikawakaribisha barazani.

"Mwambie bibi yako asogee kwa jirani," dalali akasema. "Saa moja tu. Wageni watazame vyumba."

"Bibi yumo edani."

"Najua yumo edani. Jirani ni hapo, hatua kumi. Nani atazihesabu?"

"Mungu," nikasema, na nilishangaa kuisikia sauti yangu.

Yule mwalimu akainama kuficha kicheko. Dalali hakucheka. Akafikiri kidogo, halafu uso ukamng'aa. "Basi haya. Bi Salma ni mwanamke mwenzenu. Ataingia yeye, atatazama, atatoka amhadithie mumewe. Hapo una neno, mwanachuoni?"

Mwanamke aliyekuja kwenye nyumba yenye msiba hazuiwi mlangoni. Nikainua pazia. Dalali akakaa, akakunja nne, ameridhika na akili yake.

Jioni nzima nimekuwa nikilifikiria hilo. Yeye mwenyewe alimwingiza mnunuzi wake mahali pekee ambapo yeye hawezi kuingia.

Bi Salma alikaa mkekani, akampa Bibi mkono, wakaombeana subira. Kisha macho yake yakaanza kupanda ukutani.

"Tazama tu, mwanangu, usione haya," Bibi akasema. "Pale pembeni utaona alama. Panavuja. Mie huweka beseni."

"Panavuja? Sisi tumeambiwa paa jipya."

"Lilikuwa jipya, nami nilikuwa bi harusi."

Bi Salma akacheka, mara akaziba mdomo, kwani nani anataka kucheka katika chumba cha eda? Lakini Bibi alikuwa akicheka pia. Sijamsikia akicheka tangu Babu aondoke.

Kisha Bi Salma akauliza, kwa upole kabisa, "Bibi, na Unguja unahamia lini? Tumeambiwa mwisho wa mwezi nyumba itakuwa tupu."

Tasbihi ikasimama mkononi mwa Bibi.

Nje dalali akaita, "Bi Salma! Umeshaliona jiko?"

Bi Salma akasogea karibu na Bibi.

Ndipo Bi Salma alipofungua mkoba. Mlikuwa na karatasi moja. Walikuwa wameshatoa arubuni, yale malipo ya mwanzo ya kuishika nyumba asipewe mwengine, na walikuwa wakiyakusanya tangu walipooana. Akanipa nisome. Nusu ukurasa tu: mmiliki amekubali kuuza na kuondoka. Chini saini mbili, ya mwalimu na ya dalali. Pa kusaini mwenye nyumba hapakuwekwa hata mstari.

"Mwenye nyumba amefariki," nikamwambia. "Warithi hawajakaa. Na mmoja wao ndiye huyu uliyekaa naye. Leo ndiyo anasikia."

Alinitazama, akamtazama Bibi, machozi yakamlenga. Lazima nikiri kitu hapa. Tangu simu ya Ami nilikuwa nawachukia wanunuzi, watu nisiowajua hata sura. Nilishawatungia visa vyote vya watu wabaya. Kumbe wamedanganywa kabla yetu.

Nikatoka na ile karatasi.

"Nani amekutuma kuuza nyumba hii?" nikamuuliza dalali.

"Ami yako."

"Kwa karatasi gani?"

"Karatasi! Mtoto wa jana unaniuliza karatasi? Mie nauza nyumba hapa Chake tangu hujazaliwa. Watu wazima tunaaminiana."

"Basi mbona huyu umempa karatasi?" Nilimwelekea mwalimu. "Na umeandika mmiliki amekubali. Mmiliki yupi? Babu yuko kaburini. Bibi hajaulizwa na mtu."

Mwalimu akanyoosha mkono, akaichukua, akaisoma upya polepole kama anayesahihisha mtihani. Dalali alipomwona hivyo akampigia Ami, akaweka sauti ya kusikika na wote ili nitahayari. Ami akawaka. Nani kanipa ruhusa? Tangu lini mtoto wa kike akasimamia mauzo? Nilitaka kumjibu, nikaishia kuligeukia pazia. Ujasiri nao huisha ghafla, kama bando.

Bibi akajibu mwenyewe, nyuma ya pazia.

"Suleiman. Mamako hapa. Eda yangu ikisha, njoo ukae na nduguyo, nami nikae, tuzungumze. Nikitaka kuuza nitauza. Lakini nyumba ino hutaiuza nami nimo ndani, sijaulizwa."

Ami akasema mtandao mbaya. Simu ikakatika.

Mwalimu akadai arubuni yake. Dalali akasema ipo, itarudi Jumamosi. Mwalimu akasema basi iandikwe. Nikachana ukurasa wa katikati wa daftari la Jiografia, nikaandika, dalali akatia saini huku akinung'unika kwamba skuli zinaharibu watoto. Sijui kama Jumamosi atalipa. Angalau safari hii karatasi inamfunga yeye.

Wengi mnaosoma hapa ni rika langu, hatuna nyumba za kuuza wala za kununua. Lakini mna wazazi, na mna ami zenu. Waambieni wasitoe arubuni kabla hawajakaa ana kwa ana na mwenye nyumba. Wakiambiwa mwenyewe anaumwa, au amesafiri, au ameachia kila kitu mikononi mwa dalali, wangoje. Nyumba haikimbii. Kama mwenyewe amefariki, waulize warithi ni nani na wawaone wote, hata yule aliye nyuma ya pazia. Waende na kwa sheha, kiongozi wa mtaa, yeye anajua nani anaishi wapi na kwa haki gani. Na wamuulize dalali nani anamlipa. Si matusi kuuliza hivyo. Anayelipwa na pande zote mbili aseme mapema, kila mmoja ajue amesimama wapi.

Anayeuza naye ampe dalali maandishi: anaruhusiwa kufanya nini, mpaka lini, na saini za wenye haki wote. Ufunguo abaki nao mwenyewe.

Bibi aliponisikia nikimsomea haya alisema nisiwatukane madalali wote, kwani aliyewatafutia kiwanja hiki yeye na Babu alikuwa dalali pia, na aliwakalisha na mwenye kiwanja mkeka mmoja. Nimeandika kama alivyotaka.

Na akaongeza kwamba ukiuza, useme panapovuja. Mimi ningedhani hilo linamfukuza mnunuzi. Lakini Bi Salma alipokuwa akivaa viatu alimwambia Bibi, "Mkija kukubaliana kuuza, tuulizeni sisi kwanza." Bibi akasema huenda. Akasema tena, huenda, ili mimi nisikie.

Hilo limeniuma, siwezi kuficha. Nilidhani napigania nyumba. Inawezekana nyumba itauzwa, na Bibi mwenyewe ndiye atakayeiuza, na nitalazimika kunyamaza kwa sababu ni haki yake. Nitalia siku hiyo. Lakini sitasimama mlangoni kumzuia.

Baba amepiga baada ya Magharibi. Ami ameshamfikia: nimemvunjia heshima, nimwombe radhi. Nikamweleza yote, hata karatasi ya kiwanja niliyoisoma sandukuni, huku nikisikia pikipiki zikipita upande wake. Kisha akauliza, "Ile karatasi uliisoma vizuri?" Nikasema ndiyo. "Haya," akasema. "Ijumaa nitaisoma na mimi. Halafu nitampigia Suleiman."

Kwa Baba, hayo ni maneno mengi.

Kesho kabla ya skuli nitamwandikia Ami. Nitamwomba radhi kwa kunyanyua sauti mbele ya wageni, kwa sababu ni ami yangu, na sauti ni kweli niliinyanyua. Kwa nilichokisema, siombi radhi. Si kesho, wala siku Bibi atakapotoka edani.